Kanda la Usufi

Kizazi cha mawakili waliofungua ofisi Malindi na Kilifi katika miaka ya sabini na themanini kinakwisha. Wengine tumeshawazika. Waliobaki ni wazee wa presha na sukari, wanakaa barazani alasiri wakisoma gazeti la jana. Wakifa husemwa mengi mema, na mengi yake ni ya kweli: walijua sheria, walijua kusimama mbele ya jaji, hawakuwaogopa wakubwa. Lakini sijawahi kumsikia mtu makaburini akisema kwamba marehemu alimalizwa na kesi yetu. Nasema yetu kwa sababu kesi zile hazikuwa zao.

Mimi sikuwa wakili. Nilikuwa karani wa wakili, na karani huona upande ambao jaji haoni. Nilifungua majalada, nilipeleka hati za wito mashambani, nilitia nambari kurasa za viapo hadi usiku, na mwisho wa mwezi nilifunga daftari la mapato na matumizi ya ofisi. Kwa hiyo dhiki ninayoieleza hapa sikusimuliwa. Niliiandika kwa mkono wangu, safu ya kulia na safu ya kushoto, na safu ya kulia ilikuwa ndefu daima.

Nieleze kwanza kwa nini kesi za pwani hii huwa kubwa kuliko mtu mmoja. Mwaka 1908 serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ule ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Kila mwenye dai la ardhi alitakiwa alipeleke kwa msajili, alithibitishe, apewe hati. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji. Sasa, Mgiriama wa Magarini au Mkauma wa ndani huko angejuaje kwamba kuna karatasi ya kujaza kuhusu shamba alilolikata babu yake? Miaka sita baadaye, 1914, Wagiriama walipigwa na kutolewa ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, wakati kiongozi wao, Mekatilili wa Menza, alikuwa ameshakamatwa na kupelekwa mbali. Walirudi baadaye, lakini walirudi bila hati. Uhuru ulipofika 1963, ardhi ya Taji ikageuka ardhi ya Serikali, na mwenye kijiji akaamka anaitwa skwota.

Hapo ndipo kesi zetu zilipozaliwa. Kijiji kizima upande mmoja, na upande wa pili mwenye hati aliyeko Mombasa au Nairobi, au kampuni, au Serikali yenyewe. Chembe Kibabamshe pale kati ya Malindi na Watamu, mashamba ya chumvi kule Gongoni na Marereni, mashamba ya Takaungu. Malalamiko ya watu wa chumvi yalikuwa mazito kiasi kwamba mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuja Malindi kufanya uchunguzi wa hadhara, na ripoti yake ikatoka 2006. Tume ilisikiliza, ikaandika, ikarudi Nairobi. Wananchi nao wakarudi kwa wakili.

Kesi ya aina hii hula namna gani? Watu wengi hudhani wakili anauza maneno, na maneno hayana bei ya kununulia. Chukua kijiji cha nyumba mia tatu kinachodai kimekaa shambani zaidi ya miaka 12, kwa maana sheria ya ukomo wa madai humpa haki mtu aliyekaa muda huo kwenye ardhi ya mtu binafsi, waziwazi na bila ruhusa, ingawa haimpi haki hiyo kwenye ardhi ya Serikali. Kwanza utafute ramani na upekuzi wa hati. Halafu umlete mpima ardhi mwenye leseni, naye hatoki Mombasa bure. Halafu uthibitishe makazi, na pwani hii makazi huthibitishwa kwa makaburi, visima na miti. Mnazi una mwenyewe, ardhi iliyo chini yake ina mwenyewe, na nyumba iliyo kando yaweza kuwa na mwenyewe wa tatu, hivyo lazima upate mtu wa kilimo aende akaikadirie umri minazi na mikorosho, mmoja mmoja, na kila mmoja uandikwe umepandwa na nani. Nimetembea katika mashamba hayo na daftari kwapani, bibi kizee akinionyesha mkorosho aliopanda alipoolewa. Huo ni ushahidi. Na kila ushahidi huapwa, hutiwa dole gumba, hunakiliwa kwa kila mdaiwa, hufungwa, hulipiwa.

Kisha siku ya kesi inafika. Mashahidi wanatoka Marafa, wanatoka Ganze, wengine wanaanza safari alfajiri. Nauli ni ya wakili, chai ni ya wakili. Shahidi mzee hawezi kusimama kizimbani na njaa. Mnafika mahakamani mnaambiwa jaji amehamishwa, au jalada halionekani, au wakili wa upande wa pili ana udhuru. Kesi imeahirishwa. Fedha zilizotumika siku hiyo haziahirishwi. Na kabla Mahakama Kuu haijafunguliwa Malindi, safari yenyewe ilikuwa ya Mombasa, na ukikata rufaa unangoja majaji wa rufaa waje pwani kwa zamu yao au uwafuate Nairobi.

Lakini lililotutafuna zaidi ni kufa kwa wadai, na hili sijaona likiandikwa. Kesi ya miaka kumi na tano huanza na wazee na huisha na wajukuu. Mdai akifa, sheria inampa mrithi wake mwaka mmoja kuomba kuingizwa katika kesi, la sivyo dai lake linakufa naye. Mrithi haingii hivi hivi. Anahitaji cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, ombi la usimamizi wa mirathi, tangazo katika Gazeti rasmi la Serikali, siku 30 za kungoja pingamizi. Marehemu alizikwa kijijini bila cheti, watoto wawili wako Mombasa hawasemezani, mjane wa pili hatambuliwi na wa kwanza. Ndani ya kesi moja ya shamba tulikuwa tunabeba kesi ndogo ndogo za mirathi, na hakuna hata moja iliyolipiwa. Nani atamdai mjane ada ya mirathi ilhali mumewe amekufa akingoja hukumu? Bwana wangu alikuwa akisema tu, "Fungua jalada." Nikafungua.

Mtu atauliza, kwani wateja hawakuchanga? Walichanga. Wazee walipitisha kofia, kila nyumba ikatoa ilichonacho msimu wa maembe na msimu wa korosho. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilipokuwa kikifanya kazi, mchango ulikuwa unaonekana. Kilipofungwa katika miaka ya tisini, mchango ukafungwa pamoja nacho. Kwa hiyo kesi ya kijiji ilikuwa ikilishwa na kazi nyingine za ofisi: mikataba ya nyumba za Wataliano, leseni za hoteli, madai ya ajali za barabarani. Ndipo Agosti 1997 yakaja mapigano ya Likoni, watalii wakakimbia. Hoteli zikafunga, wenye nyumba wakaacha kununua na kuuza. Tukaanza kupumua tena, likatokea shambulio la bomu la hoteli ya Kikambala, Novemba 2002. Wakili wa Malindi alikuwa akila na mvuvi na mchonga vinyago kutoka sahani moja, watu wasilijue hilo. Sahani ilipokuwa tupu, kesi ya kijiji haikupungua hata ukurasa mmoja.

Basi fedha zilitoka nyumbani kwa bwana wangu, wakili niliyemfanyia kazi, ambaye sasa ni marehemu. Hapa nitasema kwa adabu, kwa sababu watoto wa marehemu bado wananiita ami. Kilianza kiwanja cha njia ya Watamu, kikauzwa. Kisha hati ya nyumba ikapelekwa benki. Kisha karo ikachelewa, mtoto akarudishwa nyumbani, na mkewe, aliyekuwa mwalimu, akaibeba nyumba nzima kwa mshahara wake bila kumtajia mtu. Siku moja alinijia ofisini mume wake akiwa mahakamani. Hakuketi. Akaniambia, "Shemeji, mwenzio halali. Anaamka usiku anaandika hesabu, anazichana. Mwambie wewe, mimi hanisikii." Sikumwambia. Ningeanzia wapi? Daftari la ofisi alikuwa akilisaini mwenyewe kila mwezi, na sisi sote wawili tulijua lilichosema.

Presha ilimpata kabla ya hukumu. Daktari alimtaka apumzike, naye akaomba tarehe ya karibu zaidi ya kusikilizwa.

Kwa nini hakuwaambia wateja? Nimelifikiria sana jambo hili katika uzee wangu. Wanaume wa kizazi chake walilelewa kuamini kwamba mtu anayeaminiwa na watu haonyeshi mfuko wake. Alivaa shati lilelile jeupe likipigwa pasi, viatu vikitiwa rangi, na wateja wakitazama shati na viatu wakaona mali. Nao wateja walikuwa na umaskini wao wa kuwatosha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wamesema wahenga wa pwani hii, na kwa mbali, lile kanda lake lilionekana jepesi kweli.

Kimya hicho kikazaa ubaya mwingine. Upande wa pili ulipoleta pendekezo la kusuluhisha, kwamba kijiji kipewe sehemu ya shamba na sehemu iachwe, sheria ya kazi yake ilimlazimu alifikishe kwa wateja. Alikwenda, akalieleza chini ya mwembe, akasema faida na hasara zake. Kabla jua halijatua, neno likawa limefika sokoni: wakili amenunuliwa. Nilikuwa nikiyajua madeni yake hadi senti, na nilisikia neno hilo kwa watu niliowapeleka mahakamani kwa nauli ya mfukoni mwake. Njaa aliivumilia, madeni aliyavumilia, lakini neno lile sikuona kama alilivumilia. Baada ya hapo alizungumza kidogo, na hata aliposhinda ombi fulani mahakamani hakurudi kwa furaha.

Sitawasafisha wote. Wapo mawakili waliokula fedha za wateja, wapo waliouza kesi kwelikweli, na vijiji viliumwa na nyoka hao kabla ya kuanza kuogopa ung'ong'o. Shutuma haikutoka hewani. Ndiyo maana ilimchoma vibaya yule asiyestahili.

Na msidhani kwamba ushindi ungemtajirisha. Nchini Kenya sheria ya mawakili, kifungu cha 46, hairuhusu wakili kupatana na mteja kwamba atalipwa akishinda tu, wala kujiwekea fungu la kitakachopatikana. Nia yake ni njema, wakili asije akageuka mshirika wa kesi. Lakini matokeo yake ni kwamba anayemtetea maskini katika kesi kubwa anaweza kubeba hasara bila kikomo, na hana njia ya halali ya kugawana faida. Nayo kanuni ya mashtaka ya madai inasema gharama hufuata matokeo: kijiji kikishindwa, kinaweza kuamriwa kulipa hata ada ya wakili wa tajiri. Tangu Katiba ya 2010 majaji wamekuwa wazito kuwatwisha gharama watu waliokuja kudai haki ya umma, na hilo ni jema. Katika siku zetu tulilala na hofu hiyo kila usiku wa kuamkia hukumu.

Marekani wao wanaruhusu wakili kulipwa fungu la ushindi, na bado mzigo huohuo unaweza kumvunja mtu. Katika mji wa Woburn, Massachusetts, familia nane zilishtaki kampuni mwaka 1982 kwamba maji ya visima yaliyochafuliwa yamewaletea watoto saratani ya damu. Wakili wao, Jan Schlichtmann, aliweka katika kesi hiyo kila alichokuwa nacho na vya kukopa, akiwalipa wataalamu wa miamba na wa tiba. Mwaka 1986 kampuni moja iliachiliwa na baraza la wazee wa mahakama, na nyingine, W. R. Grace, ikakubali kulipa dola milioni 8. Familia zilipata kitu. Yeye baadaye akatangazwa kufilisika. Kisa chake kiliandikwa kitabu, kikafanywa sinema mwaka 1998, John Travolta akimwigiza. Wenzake wa Malindi walifilisika bila hata kutangazwa, na walioandika habari zao ni makarani, katika madaftari yaliyoliwa na mchwa.

Nimeishi kuona mambo yakibadilika kidogo. Katiba mpya iliwapa watu mlango wa kushtaki kwa ajili ya umma na kwa ajili ya mazingira, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaundwa. Wavuvi wa Lamu walishtaki mwaka 2012, mwaka uleule Rais Kibaki alipoweka jiwe la msingi la mradi wa bandari. Mohamed Ali Baadi na wenzake walingoja hadi 2018, na hukumu ikasomwa hapahapa Malindi: shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi 4,600, karibu shilingi 380,000 kwa kila mmoja zikigawanywa sawa. Tulifurahi hadi machozi. Fedha hazikufika mwaka huo, wala uliofuata.

Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, walikwenda mahakamani 2016. Phyllis Omido, mama aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho, alikuwa ameshakamatwa na kushtakiwa mwaka 2012 kwa kuandamana. Mwaka 2020 walishinda shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Watu wengi husoma miaka hiyo kama habari ya ushindi. Mimi macho ya karani hayaniachi: naona kumbukumbu za rufaa zilizochapwa upya mara mbili, safari za Nairobi, wadai waliokufa katikati, barua za chifu. Tofauti ni kwamba safari hii palikuwa na shirika, kituo alichokianzisha Omido mwenyewe, na wafadhili, na macho ya dunia baada ya yeye kupata tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mzigo haukulala juu ya nyumba moja ya mwalimu na wakili. Kama mambo yalikuwa mazito hata hivyo, basi fikirini yalivyokuwa kwa mtu aliyebeba kijiji peke yake.

Vijana waliosoma sheria leo wanafungua ofisi nzuri Kilifi na Malindi, majalada yanapelekwa kwa mtandao, kesi nyingine husikilizwa wakili akiwa mezani kwake. Wengi wanachagua kazi ya mauzo ya ardhi na nyumba, Vipingo na Watamu, na wazee wenzangu wanawalaumu: hawana moyo kama waliotangulia. Mimi siwalaumu. Baadhi yao ni watoto wa nyumba hizohizo. Walimwona baba akichana karatasi usiku, walirudishwa nyumbani kwa karo, walisikia sokoni kwamba baba amenunuliwa. Mtoto aliyeona hayo akichagua mikataba ya nyumba, anayepaswa kulaumiwa ni yule aliyekula matunda ya kesi za baba yake bila kuuliza zililipwa na nani.

Na hapo nawasema rika langu, tuliokuwa wateja, mashahidi, makarani, jamaa. Tulijua kuchanga kwa harusi, kwa matanga, kwa kumpeleka mgonjwa India. Kesi iliyoshika ardhi ya watoto wetu tuliiacha kwa mtu mmoja, tukaiita kazi yake. Tungeweza kukaa na hesabu ya kesi kila mwezi kama tunavyokaa na hesabu ya msikiti au ya kanisa. Tungeweza kuajiri kijana wa kijiji afuatilie vyeti vya vifo na barua za chifu, kazi isiyohitaji uwakili hata chembe. Tungeweza kudai mapema kwamba mawakili watatu wagawane kesi moja. Kituo cha Sheria kilikuwepo tangu 1973, na tangu 2016 nchi ina Sheria ya Msaada wa Kisheria. Milango ilikuwepo, hata kama ni myembamba, na sisi tulikuwa tukibisha mlango mmoja tu wa mtu mmoja.

Mwaka 2024 watu wa Uyombo, kati ya Kilifi na Watamu, waliandamana kupinga mpango wa kujenga kinu cha nyuklia kando ya bahari yao. Pwani hii haitakosa kesi kubwa. Ardhi na bahari bado vinatakwa na wenye nguvu. Patakuwa na mkutano chini ya mwembe, na kijana aliyevaa suti kwenye joto atakaribishwa kiti cha mbele. Wazee watamwuliza kama watashinda. Mimi, kama nitakuwa hai, nitainua mkono nimwulize kesi hii itakula kiasi gani kwa mwezi, na kama mke wake anajua, na sisi tuliokaa hapa kila mmoja atatoa ngapi. Daftari nitakuja nalo mwenyewe.